HP, Dell, Lenovo au MacBook? Rai yetu juu ya laptopu ya nyumbani na ya bi harusi



Msimu wa harusi ukikaribia, pamoja na maswali ya udi, ukumbi na nguo za kupambia, siku hizi linakuja na hili: ninunue laptopu gani? Bi harusi ameulizwa anataka nini katika mahari, naye ametaja laptopu. Mama mwenye watoto watatu wa skuli anataka moja watakayotumia wote. Dada anayeuza keki nyumbani anataka kuandika oda na hesabu zake mahali pasipopotea. Wote huuliza kwa namna moja. HP au Dell? Lenovo ikoje? Au nijifunge kibwebwe nipate MacBook?

Rai yetu tunaitoa mapema, ili asiye na wakati aondoke nayo. Jina lililoandikwa juu ya kifuniko lina uzito mdogo. Kwa nyumba zetu nyingi za Unguja na Pemba, laptopu ya kiofisi ya mtumba, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2018, inashinda laptopu mpya ya bei ya chini, iwe ya HP, ya Dell au ya Lenovo. Inunuliwe kwa khiyari ya kurudisha. Na kama ni ya bi harusi, itamkwe mbele ya watu kwamba ni yake.

Jina moja, mashine mbili

HP ilianzia kwenye banda la gari huko Palo Alto, California, mwaka 1939. Dell ilianzishwa na mwanafunzi wa chuo huko Texas mwaka 1984. Lenovo ilianzia Beijing mwaka huohuo wa 1984, na mwaka 2005 ikainunua sehemu ya kompyuta ndogo ya IBM pamoja na jina la ThinkPad. Ni kampuni tatu zenye historia tofauti, lakini leo ukizifungua mashine zao nyingi utakuta ndani chipu ya Intel au ya AMD, na juu yake Windows ya Microsoft.

Tofauti kubwa imo ndani ya kila kampuni. Ni kama duka moja la vitambaa Darajani: lina khanga nzito ya pamba, na lina ile inayochuja rangi siku ya kwanza kufuliwa. Zote mbili zimetoka duka moja, kwa hiyo jina la duka halikusaidii mpaka uishike khanga yenyewe.

HP wana Stream, ambayo ni ya bei ya chini kabisa, na wana EliteBook na ProBook. Dell walikuwa na Inspiron ya nyumbani na Latitude ya ofisini mpaka mwaka 2025. Lenovo wana IdeaPad na wana ThinkPad. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni HP, dada, HP ni imara", bado hajakwambia kitu. Muulize: HP gani?

Hizi za kiofisi zimetengenezwa kwa ajili ya kampuni zinazonunua mamia kwa pamoja na zinazotaka ziendelee kufanya kazi. Bawaba zake ni ngumu zaidi. Nyingi zina kibodi inayovumilia kumwagikiwa kidogo, na mwenye mtoto wa miaka minne na kikombe cha chai ya tangawizi mezani anajua maana yake. Zinafunguka kwa skrubu za kawaida, na kampuni zote tatu zinatoa bure miongozo ya namna ya kuzifungua na kubadilisha vipuri. Makampuni ya Ulaya na Ghuba yanapobadilisha vifaa baada ya miaka michache, mashine hizi huuzwa kwa wingi, na ndizo zinazofika Kariakoo na Mlandege.

Namba tatu za kuangalia

Ya kwanza ni kizazi cha chipu. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine iliyobaki nayo inawaka na inafanya kazi, lakini haipati tena yale masahihisho ya usalama ya bure kama zamani. Windows 11 kwa utaratibu wa kawaida inakubali chipu za Intel za kizazi cha nane na kuendelea. Kizazi kinasomeka kwenye namba yenyewe: i5-8350U ni kizazi cha nane kwa sababu inaanza na 8, i5-7300U ni cha saba, i5-10210U ni cha kumi, i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Muuzaji akikwambia "hii ni Core i7, kubwa kuliko i5", tazama namba inayofuata. i7 ya kizazi cha sita ni mzee kuliko i5 ya kizazi cha nane, na Windows 11 haimpokei kwa njia ya kawaida.

Mashine za mwaka 2018 zenye kizazi hicho cha nane ni kama ThinkPad T480, Latitude 7490 na EliteBook 840 G5. Andika majina haya kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Lakini modeli moja huweza kuuzwa na chipu tofauti, kwa hiyo namba ya chipu usiache kuisoma.

Ya pili ni RAM. Chukua 8GB. Yenye 4GB itafungua somo la tajwidi, lakini ukifungua pamoja nalo hesabu zako na picha za keki, itaanza kukwama, na watoto wataibonyeza kwa hasira mpaka kibodi iharibike.

Ya tatu ni mahali pa kuhifadhia. Tafuta SSD ya 256GB. Jihadhari na laptopu mpya, nyepesi, nzuri kwa macho, iliyoandikwa "64GB eMMC". Windows 11 yenyewe inataka angalau 64GB, kwa hiyo umenunua kabati ambalo limeshajaa kabla hujatia nguo yako. Na hiyo eMMC imegandishwa kwenye ubao wa ndani. Fundi hawezi kuitoa na kukutilia kubwa zaidi.

Hii ndiyo sababu tunawaambia wanaonunua mpya kwa kubana: laptopu ya namna hii inang'ara siku ya kufunguliwa boksi, na mwaka wa pili inakaa juu ya kabati.

Na MacBook?

Tuwe waadilifu. MacBook Air yenye chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020, bado ni mashine nzuri sana. Haina feni, haipigi kelele, na betri yake inakaa muda mrefu. Anayehariri video za harusi kwa kazi, au aliyekwisha kuzoea iPhone na ana uwezo, hatumzuii.

Lakini kwa nyumba ya kawaida tuna mambo matatu. RAM na hifadhi yake havibadilishwi, ulichonunua ndicho utakachobaki nacho. MacBook za zamani zenye chipu ya Intel, ambazo ndizo za bei nafuu sokoni, Apple wameshatangaza kwamba mfumo wao wa mwaka 2025 ndio wa mwisho kuzipokea. Na MacBook ya mtumba inaweza kuwa bado imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Usilipe mpaka muuzaji aifute mbele yako na uifungue kwa akaunti yako mwenyewe.

Kabla ya yote, tafuta fundi wa hapa anayezifungua, umuulize kioo kikivunjika atakitoa wapi na kwa bei gani. Akianza kusema "itabidi tuagize", jumlisha hilo kwenye bei.

Fundi, hewa ya bahari na stara

Sisi ni watu wa visiwani. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na vyote viwili vinakula chuma na waya. Umeme wetu unatoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Waliokuwepo Unguja wanakumbuka miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Sikuhizi si hivyo, lakini umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, chaja ndiyo inayoumia mwanzo. Laptopu ya nyumbani kwetu itakwenda kwa fundi siku moja, hata uitunze vipi. Kwa hiyo swali la fundi linatangulia swali la rangi. Hapo majina ya HP, Dell na Lenovo yana faida moja ya kweli: ni mashine zilizoenea maofisini, kwa hiyo chaja, betri na kibodi zake hazina shida kupatikana, na mafundi wamezizoea.

Lakini kuna jambo zito zaidi, na tunashangaa halitajwi madukani. Laptopu ya nyumbani ina sitara zetu ndani yake. Kuna picha za usiku wa hina, za bi harusi akiwa hajajifunika, za dada zetu waliokaa kwa raha kwa sababu ukumbi ulikuwa wa wanawake watupu. Siku kioo kinapovunjika, mashine nzima inapelekwa dukani, inakaa siku tatu, na aliyeomba nywila ni kijana ambaye hatumjui. Hatusemi mafundi wetu si waaminifu. Wengi wao wanamcha Mungu. Tunasema amana ya namna hii mtu hapewi bila ya haja.

Hapa ndipo laptopu za kiofisi tulizozitaja zinapotupa kitu ambacho ile mpya ya bei ya chini haina. SSD yake inatoka. Mara nyingi ni kipande kidogo, kirefu kama kidole, kimeshikwa kwa skrubu moja. Laptopu ikienda kutengenezwa kioo au kibodi, mwambie fundi akufungulie mfuniko mbele yako, uichukue SSD yako utie kwenye mkoba, umwachie mashine tupu. Atatengeneza kioo bila ya kuhitaji picha zako. Ile iliyogandishwa eMMC haikupi nafasi hiyo, inakwenda na kila kilichomo. MacBook nayo haitoki kitu, ingawa yenye M1 inafunga mafaili kwa siri. Ukiwasha FileVault, kazi yako ni kutomtajia mtu nywila.

Mengine ni madogo lakini yafanyeni. Picha za wanawake ziwekeni kwenye diski ya nje, ikae kabatini kwa ufunguo. Mfungulieni fundi akaunti yake ya pembeni, asiingie kwenye yenu. Nyingi za kiofisi zina kifuniko kidogo cha kamera juu ya kioo. Kama haina, karatasi ya gundi inatosha. Na siku ya kuuza au kumpa mtu, usifute mafaili kwa mkono tu. Tumia ile amri ya kurejesha mashine upya, uchague na kusafisha diski kabisa.

Tutie mkono ndani ya rundo

Wengi wanaogopa mtumba kwa sababu wanaogopa kudanganywa. Wana haki ya kuogopa. Lakini dini yetu ilishatufundisha namna ya kununua. Imepokewa na Muslim kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta majimaji. Akamkanya muuzaji kwa kuificha sehemu iliyolowa chini. Basi na sisi tusitazame juu ya rundo. Tutie mkono.

Ukifika dukani, iwashe mwenyewe. Bonyeza kila herufi. Ilaze kioo nyuma na mbele, uone kama picha inakatika. Jaribu kamera, spika na kila tundu. Angalia kibodi: zilizotoka Ghuba huwa na herufi za Kiarabu pembeni, jambo zuri kwa watoto wa madrasa, na zilizotoka Ufaransa au Ujerumani herufi zake hazikai mahali tulipozoea. Kama chaja ina plagi ya Kimarekani usitishike. Ikiwa imeandikwa 100–240V, kinachobadilishwa ni waya tu.

Halafu betri. Fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, itakuletea ripoti. Utaona namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo inaojaa sasa. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya kwanza, betri imechoka, na bei ipunguzwe kwa kiasi cha betri mpya.

Angalia pia kama Windows yake ni halali. Mashine nyingi za kiofisi huja na leseni iliyofungwa kwenye ubao wake, hivyo huna haja ya kutiliwa Windows ya wizi. Na uliza imetoka wapi. Ikikuuliza nywila kabla hata ya Windows kuwaka, au ikionyesha jina la kampuni inayoidai, iache. Huenda ni ya mtu.

La mwisho ni khiyari, na hili tungependa kila dada alijue. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mnunuzi anaweza kushurutisha muda wa kufikiri usiozidi siku tatu, na akirudisha ndani ya muda huo anarudishiwa pesa yake. Na ikidhihirika aibu iliyokuwepo tangu kabla ya kuuziana nawe hukuijua, una haki ya kurudisha bila ya kungoja huruma ya mtu. Lile bango la "mali ikishauzwa hairudi" lisikufunge mdomo. Mwambie muuzaji kwa adabu: nanunua kwa khiyari ya siku tatu, tuandike kwenye risiti. Anayeiamini mali yake atakubali. Asiyekubali amekupa jibu bure.

Ukinunua kwa mafungu, bei ya mafungu kuwa juu kuliko ya taslimu wanazuoni wengi wameruhusu, kwa sharti mkubaliane bei moja kabla hamjaachana. Lakini ukisomewa kwamba ukichelewa kuna nyongeza, hapo simama, hiyo ndiyo riba. Deni liandikwe na lishuhudiwe, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Baqara. Penye shaka, muulize sheikh kabla ya kutia saini.

Kwa bi harusi

Kuna watakaosema: mtumba katika mahari ni aibu, watu watasemaje? Tunaelewa. Kitu cha harusi kinaonyeshwa, kinapigwa picha, na boksi jipya linapendeza kwenye sinia. Kwa mwenye uwezo wa mpya iliyo nzuri, yenye 8GB au 16GB na SSD ya kweli, anunue na Allah ambariki. Aulize tu waranti yake inafanya kazi hapa, au itabidi ipelekwe Dubai.

Lakini kama fungu ni dogo, tusimkoseshe binti mashine ya miaka mitano kwa ajili ya boksi la siku moja. Huyu binti ana masomo SUZA, au ana biashara ya hina, au anataka kusoma dini akiwa nyumbani na mtoto mchanga. Laptopu itakayokufa mwaka wa pili imemkata katikati ya kazi yake. Wageni walioisifu kwenye sinia hawatakuwepo siku hiyo.

Na kubwa kuliko ubora ni umiliki. Aya ya nne ya Suratun Nisaa inaamrisha wanawake wapewe mahari yao, na mume hana ruhusa ya kula katika hayo ila kile mke alichomwachia kwa ridhaa ya nafsi yake. Laptopu ikiwa ni mahari, ni mali yake, kama ilivyo dhahabu iliyo mkononi mwake. Ikiwa ni kitu cha nyumba alichonunua mume, hiyo ni hukumu nyingine. Tatizo la wengi wetu ni kwamba halisemwi. Inaletwa, inawekwa sebuleni, shemeji anakuja kuichukua wiki mbili kwa kazi zake, na siku mambo yakiharibika kila upande unasema ni yangu, huku hesabu na picha za mwanamke zimo ndani.

Kwa hiyo tunawashauri wazazi na mawalii: wakati wa kupanga mahari, itajwe kwa jina lake. Aina gani, chipu gani, RAM kiasi gani, mpya au iliyotumika, na kwamba ni ya bi harusi. Risiti iandikwe jina lake, akaunti na nywila viwe vyake. Mume akitaka kuitumia, ataomba na atapewa kwa mapenzi, maana ndoa ni kusaidiana. Shemeji akiazima, naye anazimwa kwa ruhusa ya mwenyewe, na kilichoazimwa kinarudishwa kama kilivyochukuliwa.

Nanyi mama zetu mnaonunulia watoto, msione tumewasahau. Yote ya juu ni yenu: kizazi cha nane, 8GB, SSD inayotoka, fundi wa karibu, khiyari ya siku tatu. Ikipatikana hiyo, iwe ya HP, ya Dell au ya Lenovo, chukueni iliyo na betri nzuri zaidi siku hiyo dukani.

Allah awape mabinti zetu ndoa za kheri, azijaalie mali zetu za halali ziwe na baraka, na azisitiri nyumba zetu. Amin.